Siku 1,412 Bila Kuzimwa

Bi Ngoja si jina alilopewa na wazazi wake. Nilimpa mimi, na sijutii. Mwulize chochote, jibu la kwanza ni hilo moja: "Ngoja." Printa imetafuna karatasi? Ngoja. Mshahara umechelewa? Ngoja, Mwalimu. Miaka kumi na sita tumefanya kazi chumba kimoja, na neno hilo nimelisikia mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe.

Mimi ni msahihishaji wa maandishi ya nukta nundu. Sioni tangu nikiwa na miaka minne. Nasoma kwa vidole. Nalisema mapema ili msomaji asije akashtuka katikati ya habari na kuanza kunionea huruma, maana huruma ya ghafla inanipandisha presha. Karakana yetu inachapa vitabu vya wasioona, na mara moja kwa mwaka inachapa mitihani yao. Kazi yangu ni kupitisha vidole juu ya kila ukurasa kabla haujatoka. Kazi ya Bi Ngoja ni kuhakikisha kuna ukurasa.

Alikuja kama mfagizi. Siku moja akipiga deki alisimama karibu na meza yangu akasema, "Mwalimu, ile kompyuta inahema vibaya." Fundi wa wakati huo alicheka mpaka akakohoa. Wiki iliyofuata feni ikafa, na vumbi lililotolewa humo ndani lingejaza soksi. Kuanzia hapo fundi akawa anamwita kila kitu kikigoma, amsikilizie. Fundi alipopata kazi nono kwingine, aliacha vitabu viwili vinene na bisibisi. Ofisi ikafanya kama ofisi zinavyofanya: ikampa mfagizi kazi ya fundi, na cheo kikaja miaka mitano baadaye, kimechoka njiani.

Vile vitabu alivisoma saa za mapumziko, kwa sauti, nami nikisikiliza nisitake. Mpaka leo ana mazoea ya kusoma kwa sauti kila kinachotokea kwenye skrini, ili nisiachwe nyuma. Kulipa fadhila nilimfundisha kusoma nukta nundu kwa kidole. Kidole chake cha shahada kina kovu la kuungua alipokuwa akilehemu nyaya, kwa hiyo anasoma polepole, akikosea na kurudia. Lakini anasoma.

Chumba cha mitihani kina kompyuta mbili tu. Moja tulikuwa tukiiita Kikongwe. Ndiyo iliyoendesha printa ya nukta nundu, kwa programu ambayo aliyeiandika amekwisha kufa na kampuni iliyoiuza imefungwa. Ya pili ni seva. Hiyo inatumia mfumo huria, ule wa bure ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuupekua ndani. Bi Ngoja aliuchagua mwenyewe na anausifia kama kitinda mimba wake. Juu ya seva alibandika karatasi: USIZIME. Chini ya herufi hizo nilitoboa nukta zangu, neno lilelile, nisije nikajidai sikuona.

Karatasi hiyo ina sababu. Miaka minne hivi iliyopita walikuja wapaka rangi. Bi Ngoja akaambiwa azime kila kitu, akazima. Seva ikagoma kuamka siku mbili nzima, mitihani ikakwama, na watahiniwa wasioona wakaambiwa warudi mwaka unaofuata. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wangu wa jioni, msichana tunayemwita Kidole kwa kasi yake ya kusoma. Mwaka alioupoteza haukurudi. Sasa alikuwa anakwenda kufanya mtihani wa kumaliza shule akiwa na miaka ishirini na moja, na kanuni inasema ukivuka umri huo huketi tena. Akiukosa huu, basi.

Tangu wapaka rangi, seva haikuzimwa. Kila Ijumaa Bi Ngoja alinisomea idadi ya siku ilizokaa macho, kwa sauti ya mzazi anayesoma ripoti nzuri ya shule. Ilipofika mia tano nilileta keki. Ilipofika elfu moja nilileta kubwa zaidi. Asubuhi ninayoisimulia zilikuwa siku 1,412.

Msimamizi kutoka ofisi ya mitihani alifika saa mbili na bahasha yenye lakiri. Ni mtu wa makamo, shati lake linanuka wanga wa kupigia pasi, na viatu vyake vinalia kila akihama. Utaratibu wetu ni huu: bahasha ikishafunguliwa, mlango unafungwa. Simu zinabaki kwa askari nje, intaneti hakuna, na hakuna kifaa kinachoingia wala kutoka mpaka mitihani iwe ndani ya mifuko iliyofungwa. Kabla ya kuingia kila mtu anasaini kwamba hana ndugu miongoni mwa watahiniwa. Nilisaini. Mwanafunzi si ndugu.

Watahiniwa walikuwa tisa, kurasa ishirini na sita kwa kila mmoja. Gari la kuwapelekea lilikuwa liondoke saa kumi kamili jioni, na mtihani wenyewe kesho yake asubuhi. Lakiri ikavunjwa. Bi Ngoja akawasha Kikongwe. Nilisikia mlio mfupi, kisha ikanijia harufu ya plastiki iliyoungua.

"Imekufa?" nikauliza.

Hakusema ngoja. "Imekufa, Mwalimu."

Viatu vya Msimamizi vikaanza kulia kutoka ukuta hadi ukuta. "Imekufa ndiyo nini? Si uitengeneze?"

"Hii haitengenezeki leo, mzee wangu. Lakini diski yake yote nina nakala kwenye seva. Nitaiwasha humo."

Akamweleza kwa upole, kama anavyonieleza mimi. Seva inaweza kujenga ndani yake mashine pepe, kompyuta ya kujifanya, na ile programu ya zamani ikiamka humo haitajua kwamba imehamishwa nyumba. Akachomeka kebo pana ya printa nyuma ya seva, akakaa, vidole vikaanza kukimbia. Saa nne na robo Kikongwe akaamka ndani ya seva kwa kamuziki kake kalekale ka kuwaka. Nusura nimkumbatie huyo mwanamke.

Kisha tukasubiri ukurasa wa kwanza. Printa ya nukta nundu ikiwa na afya inabomoa masikio. Siku zote navaa pamba. Siku hiyo ilipiga mstari mmoja, ikanyamaza. Ikapiga mwingine, ikanyamaza. Ukurasa mmoja ulikula dakika tano nzima.

"Mbona inajivuta hivi?" Msimamizi akauliza.

"Kwa sababu seva inaigiza kila hatua ya Kikongwe, moja moja. Prosesa yake ina uwezo wa kuibeba mashine pepe moja kwa moja, bila maigizo. Ila kiini cha mfumo, yaani moyo wake, lazima kiongezewe moduli za kazi hiyo. Ni vipande vya hiari, mtu asiyevihitaji havipakii, nami sikuwahi kuvihitaji. Ngoja."

Hapo likarudi neno, nikapumua. Nikasikia amri ikiandikwa na kupigwa.

"'Moduli haikupatikana,'" akasoma. Akaandika tena. "'Moduli haikupatikana.'" Akaandika nyingine, ndefu. "'Muundo wa moduli haukubaliki.'" Halafu kiti chake kikalia, kama mtu ameegemea nyuma ghafla, na kwa muda mrefu hakusoma kitu.

"Nini?" nikasema. "Usininyamazie."

"Mwalimu, nimefagia."

Ilichukua dakika kadhaa nielewe. Kila miezi mitatu Bi Ngoja huleta diski yenye kiini kipya cha mfumo, anakiweka kwenye seva, na kwa usafi wake wa tangu enzi za ndoo anaondoa cha zamani pamoja na moduli zake zote. Hajawahi kuruka zamu hata moja. Lakini kiini kipya hakishiki kazi mpaka mashine izimwe na kuwashwa. Mashine yenyewe haizimwi, kwa sababu ya karatasi, kwa sababu ya keki zangu. Kwa hiyo kilichokuwa kikifanya kazi humo ndani ni kiini cha siku 1,412 zilizopita, na moduli zake zilikwisha tupwa siku nyingi. Zilizokuwepo kwenye diski zilikuwa za kiini ambacho hakijawahi kuamshwa, nacho cha zamani hakizitambui.

"Zilazimishe ziingie," akasema Msimamizi.

"Nikizilazimisha seva itaanguka ikiwa imeshika kila kitu mkononi. Dawa ni moja. Izimwe, iwashwe."

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu alichosema baadaye kilikuwa na akili. Alisimama, viatu vikatulia, akapiga hesabu kwa sauti. Ukurasa kwa dakika tano, kuanzia sasa hadi saa kumi, ni watahiniwa wawili na ushei. "Wawili ninao mkononi," akasema. "Saba wataahirishiwa, nitaandika ripoti, yataisha. Ukizima ikagoma kama mwaka ule, wote tisa hawapo. Wewe mwenyewe unakumbuka mwaka ule?"

"Nakumbuka," akasema Bi Ngoja.

"Basi tuanze sasa. Ikifika saa tano na nusu hata hao wawili hatutawawahi vizuri. Mwalimu, wewe ndiye mwenye uzoefu na watoto hawa. Nipe namba mbili za watahiniwa."

Alitoka kwenda mlangoni kuzungumza na askari. Saa yangu ya mkononi, ile ya kupapasa, ilikuwa saa tano na dakika tano.

Nilikuwa na kadi mfukoni na kijisindano changu cha kutobolea. Namba ya Kidole niliijua. Alinitajia mwenyewe, kwa furaha, na sikumwambia mtu. Nne. Nilitoboa nne kwanza. Mkono wangu haukusita hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma. Namba ya pili niliweka saba, kwa sababu tu ndiyo iliyonijia kichwani. Watoto wengine saba niliwaacha kwa muda ambao mtu anautumia kufunga kifungo cha shati.

Niliisukuma kadi juu ya meza ili Msimamizi akirudi aikute. Mkono ulioichukua haukuwa wake. Nilisikia kidole kikipita juu ya karatasi, polepole, kikirudia, na pumzi ya Bi Ngoja ikifuata kidole.

"Na hawa wengine?" akauliza.

"Mimi sikuunguza Kikongwe," nikasema kwa ukali. Mtu mwenye hatia ana ukali wa bure.

Viatu vililia, Msimamizi alikuwa amerudi. "Haya, namba?"

"Mzee wangu," Bi Ngoja akasema, "naizima."

"Nimekwambia..."

"Umesema, nimesikia. Andika kwamba ulinikataza. Andika saa na dakika, nitasaini." Maneno yake yalikuwa wima. "Mwaka ule niliambiwa zima, nikazima bila kufikiri. Leo nimefikiri. Ile diski iliyogoma niliibadilisha. Hii naisikiliza kila asubuhi, haina kelele mbaya."

"Unaisikiliza!" Msimamizi akasema. "Mwalimu, unamsikia mwenzako?"

Nilipaswa kusema jambo la hekima. Nilisema, "Huwa anasikia vizuri," kadi yangu ikiwa bado mkononi mwake.

Ikaandikwa karatasi. Akasaini. Nikasikia akibandua USIZIME kutoka juu ya seva, gundi ikilia kidogo kidogo. Akagonga amri moja fupi. Feni zikashuka, zikashuka, zikatulia. Sikuwahi kujua chumba kile kina ukimya wa namna hiyo. Miaka minne nilikuwa nimeuzoea ule mvumo mpaka nikadhani ni wa masikio yangu.

"Moja, mbili, tatu," akahesabu hadi kumi, akabonyeza.

Feni zikapanda. Akawahi kuingia kwenye mipangilio ya chini kabisa, ile inayosomeka kabla mfumo haujaamka. "'Msaada wa mashine pepe: umefungwa,'" akasoma. "Tazama. Hata moduli zingekuwepo zisingefaa kitu. Nafungua." Akahifadhi, akatoka. Ikaanza kuamka. "Diski imeonekana. Kiini kipya kimeanza." Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Ee Mungu wangu."

"Nini tena?"

"'Diski haijakaguliwa kwa siku 1,412. Ukaguzi unaanza. Asilimia sifuri.'"

Msimamizi akauliza kama ukaguzi huo unaweza kurukwa. Unaweza, akasema Bi Ngoja. Lakini kama diski ina kidonda, tutakuwa tunaandika juu ya kidonda, na huenda katikati ya mtihani wa mtoto wa tano kila kitu kikaoza. "Ngoja," akamwambia. Nadhani Msimamizi hakuwahi kulichukia neno lolote kama alivyolichukia hilo.

Saa sita, asilimia kumi na tisa. Saa tano na nusu ilikuwa imekwisha tupita, kwa hiyo wale wawili wa uhakika nao hawakuwepo tena. Ilikuwa tisa au hakuna. Nilikaa nimebana mikono katikati ya magoti nikifikiria Kidole akiamka kesho, akipiga pasi sare, akiambiwa getini arudi nyumbani. Nilijiuliza nani mjinga zaidi, mimi au yule mwanamke, na jibu lilikuwa likibadilika kila dakika. Kwa kweli nilimkasirikia. Nilikuwa nimemwokoa msichana wangu kwa sindano, na yeye amemrudisha hatarini pamoja na wengine.

"Mwalimu," akasema Bi Ngoja, amesogeza kiti karibu. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba inatakiwa izimwe. Mwaka wa pili tu nilijua. Kila Ijumaa nakusomea zile siku, moyoni nasema, Ijumaa ijayo nitaizima. Naogopa. Nakusomea nyingine."

Hasira yangu ikakosa pa kukaa. "Nami nikakuletea keki," nikasema. Alicheka, kicheko kibovu kabisa, na Msimamizi akauliza kuna nini cha kuchekesha.

Saa saba na nusu, asilimia sabini na moja. Hapo ikakwama. Dakika kumi, sabini na moja. Dakika kumi na tano, sabini na moja. Bi Ngoja aliinuka, akaweka sikio lake kwenye ubavu wa seva kama anavyofanya, na tukaacha kupumua ili asikie. "Inafanya kazi," akasema. "Imepata palipochakaa, inapashona." Msimamizi akakaa chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Ilimaliza saa nane kasoro dakika nane. Mfumo ukaamka. Bi Ngoja akaandika amri ya kupakia moduli, akaigonga. Nikasubiri anisomee.

"Imesemaje?"

"Haijasema kitu."

"Imekataa!"

"Hapana, Mwalimu. Hii ikikataa inatukana. Ikikubali inanyamaza."

Akaiwasha mashine pepe. Kamuziki ka Kikongwe kakaja papo hapo, bila kukokota. Saa nane na dakika tano printa ikaanza, na kelele yake ilinipiga masikioni kabla sijavaa pamba, na sikuitafuta. Ukurasa kwa sekunde ishirini na tano. Niliupokea wa kwanza ukiwa bado na joto la vyuma, nikasoma maelekezo, jina la somo, swali la kwanza. Kila nukta ilikuwa mahali pake. Nilisoma nakala ya kwanza yote, na kila nilipomaliza ukurasa nilipiga meza mara moja ili Bi Ngoja ajue. Msimamizi alivua koti akawa anapanga kurasa na kubana pini, na hata viatu vyake vilikuwa vinalia kwa haraka ya heshima.

Mfuko wa tisa ulifungwa saa kumi kasoro dakika saba. Askari akafungua mlango. Msimamizi alisimama mbele ya Bi Ngoja, akakohoa, akasema, "Ile karatasi uliyosaini. Nitaiandika upya," akaondoka na mifuko yake tisa. Tukasikia gari likitoka getini.

Tulibaki wawili, na feni. Nilikuwa naitafuta fimbo yangu wakati kitu chepesi kilipowekwa kwenye kiganja changu. Ilikuwa ile kadi. Nikapitisha kidole juu yake, kutoka pembe hadi pembe. Hapakuwa na nne wala saba. Nukta zote zilikuwa zimesuguliwa kwa ukucha mpaka karatasi ikawa laini.

"Sikuweza kuisoma," akasema Bi Ngoja, tayari amegeuka, anazungusha kebo. "Unavijua vidole vyangu, vizito."

Nikaitia kadi mfukoni. Nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe, miaka sita, na najua anasoma.